Bustani ya Nyumbani Nairobi: Kazi za Februari hadi Mei, Kabla ya Masika na Mvua Ikishaanza

Nairobi haina majira ya kuchipua kama Ulaya. Kinachoamsha bustani hapa ni mvua ya masika, ambayo kwa kawaida huanza katikati au mwisho wa Machi ikaendelea hadi Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Kabla yake kuna jua kali la Januari na Februari. Baada yake huja baridi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanafunika jiji siku nzima na mimea mingi hukua polepole sana. Mche wa masika basi una takriban wiki 8 hadi 10 za maji ya bure na udongo wenye joto. Ukiingia ardhini mvua inapoanza, mizizi hushika kabla ya baridi. Ukipandwa mwisho wa Mei, utadumaa hadi Septemba huku ukidai maji ya mfereji.

Ndiyo maana kazi nzito ni ya Februari, udongo ukiwa mkavu. Wengi hungoja tone la kwanza ndipo wakimbilie vitalu vya kando ya barabara, wakarudi na miche buti nzima, kisha wakaanza kuchimba mashimo kwenye matope. Mpangilio unaofaa ni huu: shughulikia njia za maji, pogoa, tengeneza udongo, hudumia nyasi, halafu panda. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei kabla haujaanza. Usome, kisha upange tarehe zako kwa kuhesabu kurudi nyuma.

Ujue umesimama juu ya udongo gani

Jiji hili lina udongo wa aina mbili kuu, na ushauri unaofaa mmoja unaweza kuharibu mwingine. Upande wa magharibi na kaskazini, kama Kabete, Loresho, Kitisuru na Lavington, mwingi ni udongo mwekundu. Una kina kirefu na hupitisha maji vizuri, ila mara nyingi una asidi, na hushika fosforasi kwa nguvu hata mmea usiipate. Upande wa mashariki na kusini, kama Embakasi, Donholm, South C na kuelekea Syokimau, utakutana na udongo mweusi wa pamba. Huo hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ukilowa huvimba, ukanata kwenye viatu na kuyazuia maji yasishuke.

Kuna wa tatu usiotajwa sana: kifusi cha mjenzi. Kwenye nyumba mpya, hasa za mitaa yenye geti, mara nyingi sentimita 10 za udongo mzuri zimetandazwa juu ya kokoto na saruji iliyomwagika. Chimba shimo la futi mbili sehemu tatu tofauti kabla hujanunua chochote. Ukikuta kifusi, kitoe pale utakapopanda, kwa sababu saruji huondoa asidi kupita kiasi na majani ya mimea mingi hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mbolea ya dukani haitaponya hali hiyo.

Usimwage chokaa kwa kubahatisha. Ukitaka uhakika, peleka sampuli kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete: chota udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20 kutoka sehemu nane au kumi za bustani, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, upeleke nusu kilo. Fanya hivyo mapema, ili chokaa, kama inahitajika, iingie wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usiichanganye na samadi siku moja. Nitrojeni ya samadi itapotelea hewani.

Njia za maji: wiki mbili za kwanza za Februari

Panda ngazi usafishe gata zote. Majani makavu ya jakaranda na grevilea hujaza mdomo wa bomba la kushukia, na mvua ya kwanza kubwa hufurika juu ya ukuta badala ya kwenda tangini. Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 2,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano bado unabaki na lita 1,600. Yaache maji ya mvua ya kwanza yaoshe paa, ndipo uyaelekeze tangini. Funika kila tundu la tangi kwa wavu mwembamba, la sivyo unafuga mbu.

Kisha zibua mitaro ya ardhini. Mtaro unahitaji mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Upime kwa kamba, vigingi viwili na mpira mwembamba wenye maji yanayoonekana ndani, macho hudanganya. Usielekeze maji kwa jirani wala kwenye ukuta wa mpaka, kwa kuwa ukuta wa mawe usio na matundu ya kupumulia huangushwa na maji yaliyokusanyika nyuma yake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, hakuna mkazi wa Nairobi anayehitaji kuelezwa zaidi.

Kupogoa: nini kikatwe sasa, nini kingoje

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, kwa sababu mtu huazima panga na kusawazisha kila kitu siku moja.

Anza na miti mikubwa. Udongo ukilowa hulegea, na tawi zito lililokufa huanguka usiku wa upepo. Tembea chini ya kila mti ukitafuta matawi yasiyo na majani, nyufa kwenye maungio, na uyoga unaoota shinani. Uyoga huo mara nyingi ni dalili ya kuoza ndani. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme usiliguse, ripoti kwa Kenya Power. Mti mzima usiukate kabla ya kupata kibali cha kaunti.

Tawi nene kuliko kifundo cha mkono hukatwa kwa msumeno, mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka shinani, uishie robo ya unene. Wa pili ni wa juu kwenda chini, sentimita chache nje ya ule wa kwanza, na hapo tawi litaanguka bila kuchuna gome la mti. Wa mwisho huondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na mti. Uvimbe huo ndio unaofunika jeraha. Ukiukata, jeraha halitafungwa vizuri. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuoza huko kutaingia ndani. Kupaka rangi au lami hakusaidii.

Mawaridi yapogoe wiki ya mwisho ya Februari. Toa kwanza matawi yaliyokufa, membamba kuliko penseli, na yanayosuguana. Bakisha mashina manne hadi sita yenye nguvu na uyapunguze kwa theluthi moja, ukikata milimita 5 juu ya jicho (kichipukizi) linalotazama nje ili katikati pabaki wazi na upepo upite. Hilo si urembo. Mvua ya Aprili huleta ugonjwa wa madoa meusi, na kichaka kilichosongamana hakikauki. Okota majani yote yaliyoanguka chini, maana vimelea hukaa humo. Pangusa makali ya mkasi kwa spiriti kila unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine.

Bogonvilia iache. Jua la Februari ndilo linaloipa rangi, na ukiikata sasa unatupa maua. Ngoja mwanzo wa Aprili, maua yakipungua, uipunguze hadi nusu. Hivyo hivyo kwa kichaka chochote kilicho katika maua: kikatwe kinapomaliza.

Ua wa kaiyaba, duranta au tekoma upunguze mapema Machi, na umbo liwe pana chini kuliko juu. Ua uliopanuka juu hujinyima jua chini, na baada ya miaka miwili mbuzi anapita. Mtarakwa ni tofauti: haurudishi majani kutoka kwenye mti wa kahawia, basi usikate kupita pale kijani kinapoishia. Kabla ya kukata ua wowote, tazama ndani kama kuna viota. Ndege wengi hujenga kuelekea mvua, na kiota chenye mayai kingojwe mpaka makinda yaondoke.

Udongo, mboji na samadi

Samadi ya ng'ombe ikae angalau miezi mitatu ndipo itumike. Iliyoiva haina joto ukitia mkono, haina harufu ya zizi, na huvunjika kama udongo wa msituni. Mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu pamoja na mabuu meupe yanayokula mizizi ya nyasi. Ukinunua pikapu ya samadi Februari na ni mbichi, ilundike pembeni, ilowanishe, ifunike kwa turubai, uitumie kwenye mvua za vuli za Oktoba. Ya kuku ni kali zaidi. Tumia nusu ya kipimo.

Kipimo cha kuanzia ni debe moja la lita 20 la samadi iliyoiva au mboji kwa kila mita mbili za mraba za kitanda cha maua, ikichanganywa hadi kina cha sentimita 20 kwa jembe uma. Kwenye udongo mwekundu fanya hivyo na uishie hapo. Kwenye udongo mweusi wa pamba usichimbe kwenda chini, jenga kwenda juu: kitanda kilichoinuka sentimita 30, kwa mchanganyiko wa sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji na moja ya ule mweusi uliopo. Lori la udongo mwekundu ni gharama inayouma, lakini ni afadhali kuliko kuzika miche kila mwaka.

Usiguse udongo mweusi ukiwa umelowa chepechepe. Chukua gao kutoka sentimita 10 chini, likamue uwe mpira, kisha usukume kwa kidole. Ukivunjika, fanya kazi. Ukibonyea bila kuvunjika, rudi kesho kutwa, maana ukilima sasa utapata mabonge yatakayokuwa matofali mwezi Juni.

Ndago isikatwe kwa jembe. Kila kiazi chake kidogo kinachoachwa ardhini huwa mmea mpya, na kuikatakata ni kuizidisha. Lainisha udongo kwa jembe uma, ufuate uzi mpaka kwenye kiazi, utie kwenye gunia, na isiingie kwenye lundo la mboji. Magugu ya kawaida yasiyo na mbegu yaingie mbojini bila wasiwasi.

Nyasi

Nyasi ya Kikuyu hustahimili kukanyagwa na hutaka jua, ila husambaa hadi vitandani. Ikatie mpaka kwa koleo, kina cha sentimita 15, kila mwezi wa mvua. Chini ya miti yenye kivuli kizito haitashika, na ni bora kuacha kupigana nayo hapo ukapanda klorofitamu, mmea wa majani membamba unaovumilia kivuli.

Wiki ya pili ya Machi kata nyasi zibaki sentimita 4. Zikiwa zimeota ndefu sana, zishushe kwa awamu mbili zikipishana wiki moja. Ukizinyoa mara moja utabaki na vijiti vya manjano. Kwangua utando mkavu kwa reki ngumu. Mahali palipokanyagwa, hasa njia ya watoto na sehemu ya kuegesha gari, choma kwa jembe uma kina cha sentimita 10, kila sentimita 15, ulitikise kidogo kabla ya kulichomoa. Kisha nyunyiza mboji iliyochekechwa unene wa sentimita 1, uifagie iingie kwenye matundu.

Mbolea ya CAN isubiri mvua inyeshe mara mbili au tatu. Gramu 20 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kilo 2 kwa mita 100. Gawanya kipimo katika sehemu mbili, moja uitawanye ukienda mashariki hadi magharibi na nyingine kaskazini hadi kusini. Majani yawe makavu na udongo uwe na unyevu, kisha mwagilia papo hapo kama mvua haiji. Mistari ya kijani iliyokolea na madoa yaliyoungua hutokana na kurusha kwa gao bila kupima.

Kupanda miche

Kitaluni usivutiwe na mche mrefu. Mche wa sentimita 30 hadi 45 wenye mizizi changa hushika haraka kuliko wa mita moja na nusu uliokaa kwenye karatasi (mfuko wa plastiki wa miche) miaka miwili. Tazama chini ya karatasi: mzizi mnene uliotoboka na kujikunja ni mche uliozeeka. Miche mingi hukuzwa chini ya wavu wa kivuli, kwa hiyo ukifika nayo nyumbani iweke penye kivuli kidogo, uiongezee jua pole pole kwa siku 7 hadi 10.

Ukitaka miti ya asili, muringa una maua meupe, muu una ya manjano, na yote miwili hukua vizuri Nairobi. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyo Muguga, huuza mbegu na miche ya miti. Mti wa kukua mkubwa uwe mita 8 au zaidi kutoka nyumbani na mbali na tangi la maji taka. Mugumo usiupande kabisa kwenye ploti ya robo ekari, mizizi yake haitambui mipaka.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Mwisho wa Februari chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Kwaruza kuta za shimo kwa meno ya jembe uma, kwa kuwa kuta laini huwa kama chungu na mizizi hujizungusha humo.
2. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyoiva. Kwenye udongo mwekundu, ongeza gramu 100 za mbolea ya DAP kwa mti wa matunda na uichanganye vizuri, isiguse mizizi.
3. Rudisha mchanganyiko huo shimoni kabla ya mvua, uache kichuguu kidogo juu. Utashuka wenyewe mvua ikinyesha. Anayejaza na kupanda siku moja hukuta mche wake umezama sentimita 10.
4. Mvua ikilowesha udongo hadi kina cha sentimita 30 (chimba uone), panda jioni au siku ya mawingu. Mwagilia mche kwanza, pasua karatasi uiondoe yote, na unyooshe au ukate mizizi iliyojikunja.
5. Shina liingie kina kilekile kilichokuwa kitaluni. Kwa parachichi iliyounganishwa, kiungo kibaki angalau sentimita 15 juu ya ardhi.
6. Shindilia udongo kwa mkono, si kwa buti. Mwagia lita 10 hata kama mvua inanyesha, ili udongo uzibe nafasi za hewa kandokando ya mizizi.
7. Tandaza nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 7, ukiacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina huleta mchwa na kuoza.

Kwenye udongo mweusi wa pamba hatua ya kwanza hubadilika. Shimo refu hapo hujaa maji yasiyo na pa kwenda, na mizizi hufa kwa kukosa hewa. Chimba sentimita 30 tu, kisha inua tuta la sentimita 30 hadi 40, upana mita moja, upande juu yake. Parachichi hasa haivumilii kusimama majini. Ugonjwa wa kuoza mizizi huianza kwa majani madogo yaliyopauka, na ukiona hivyo mara nyingi umechelewa.

Vichaka vya bure vinapatikana kwa kugawanya na kukata. Maua ya agapanthasi na kana yang'olewe mvua ikianza, yagawanywe kwa koleo kali, kila fungu libaki na vichipukizi vitatu au zaidi, na majani yakatwe nusu. Vipandikizi vya duranta na geranio viwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20, vifundo viwili vikiwa ardhini. Kata chini mshazari na juu sawasawa, usije ukavipanda kichwa chini.

Kwa mboga, sia sukuma wiki kitaluni katikati ya Februari, na baada ya wiki 4 hadi 5 ihamishe kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45. Mbegu za managu, terere na kunde zipandwe moja kwa moja kitandani mvua ikianza. Dania isiachwe kwenye mvua nzito bila kinga. Hulala matopeni na kuoza.

Aprili na Mei

Palilia kwa mara ya kwanza siku 14 hadi 21 baada ya mvua kuanza, magugu yakiwa na majani mawili au manne. Ukichelewa hadi yachanue, utayalipia misimu kadhaa ijayo.

Koa na konokono hutoka usiku. Toka na tochi saa mbili usiku uwaokote kwenye ndoo ya maji ya chumvi, siku tatu mfululizo. Mche wa mboga unaweza kuliwa wote kwa usiku mmoja. Mche uliokatwa shinani asubuhi ukiwa umelala ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni: fukua kuzunguka shina, utamkuta amejikunja. Vidukari kwenye vichipukizi vya mawaridi nyunyizia maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, chini ya majani, na ujaribu tawi moja kwanza. Wakirudi baada ya wiki, rudia. Ukiona mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa wakiwala vidukari, waachie kazi.

Majani ya chini yakigeuka manjano Aprili nzima ikinyesha, usikimbilie mbolea. Chimba karibu na mmea kwa urefu wa koleo. Maji yakijikusanya shimoni, tatizo ni mtaro. Udongo ukiwa na unyevu tu na mvua imekuwa nzito kwa wiki nyingi, nitrojeni imesombwa chini. CAN kijiko kimoja cha mezani kwa kichaka, sentimita 20 kutoka shinani, itarudisha kijani ndani ya wiki mbili.

Katikati ya Mei acha kupanda. Kagua vigingi na kamba za miche, ulegeze zinazobana gome, na uongeze matandazo pale yalipooza, hadi yafike sentimita 7 tena kabla mvua haijakatika, udongo ukiwa bado na unyevu wa kufunikia.